Koti Lenye Meno

Kwenye baraza ile ndefu ya nguzo za saruji walikaa mafundi watatu, na majina ya wawili kati yao yalitoka kinywani mwa wa tatu. Fundi viatu, ambaye meno yake manne ya mbele ya juu yalishaaga siku nyingi, alipewa jina la Pengo. Kinyozi, ambaye nywele pekee alizokuwa nazo ni zile za wateja zilizomganda kwenye koti lake la kazi, alipewa jina la Msitu. Mgawaji wa majina mwenyewe alikuwa fundi cherehani, mjane wa makamo mwenye mdomo usiojua likizo. Wenzake walimlipa kwa jina moja tu, Mama Mkasi, naye akalipokea kama nishani.

Hakuwa mtu mbaya, hata kidogo. Alikuwa wa kukutania huku anakushonea kifungo bure. Lakini kukutania, atakutania. Asubuhi Pengo akifika na boksi lake la nyundo na gundi, salamu ilikuwa, "Shemeji, funga dirisha la mbele, vumbi linaingia." Mchana Pengo akikata embe vipande vidogo vidogo kwa kisu cha ngozi, ili avitafunie pembeni kwenye magego, swali lilikuwa, "Kasuku wako leo ameamkaje? Naona unamwandalia." Pengo alikuwa anacheka tu, kinywa wazi, pengo nje, mabega yanatikisika. Siku moja, mbele ya Msitu na wateja wawili waliofungwa mashuka shingoni, alimnyooshea nyundo.

"Mama Mkasi, leo nakuapia. Siku litakapokutoka jino, hata moja, jina nitakupa mimi. Na nitalitoa hadharani, watu wakiwepo."

"Linitoke liende wapi? Haya si meno, shemeji. Haya ni vifaa vya kazi."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomponza. Mama Mkasi hakuwahi kukata uzi kwa mkasi. Mkasi ulikuwa wa kitambaa. Uzi aliuinamia, akaubana kwa meno mawili ya mbele, akageuza shingo kidogo kama anayemsikiliza jirani, kwap! Binti yake, aliyeshona naye kwenye cherehani ya pili, alikuwa amechoka kumwambia, "Mama, mkasi huu hapa." Meno yale mawili yakaingia vijishimo pembeni, halafu moja likapata ufa, na Mama Mkasi akaendelea kukata. Siku aliyokuwa anashonea begi la shule mkanda wa nailoni, uzi ule mnene ulikataa kukatika. Jino likakubali.

Lilivunjikia kwenye ufizi. La jirani yake, kumbe lilikuwa limeoza kwa nyuma kimyakimya, nalo likaondoka kwenye kiti kilekile cha daktari, siku ileile.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke mwenye miwani minene na mikono midogo, asiyecheka ovyo. Hilo lilimsumbua Mama Mkasi, maana alikuwa amemrushia mizaha miwili kabla ganzi haijashika, na yote ilianguka sakafuni.

"Sasa mama," daktari alisema akimshikia kioo, "tusipoweka kitu hapa, kinywa hakitakaa kimya kusubiri. Haya meno ya jirani yataanza kuinamia kwenye nafasi. Yale ya chini yaliyokosa wenzao yatapanda kuwatafuta. Na mfupa wa taya, kwa vile hauna tena mizizi ya kushika, utapungua kidogo kidogo, mpaka mdomo wa juu uanguke ndani. Utaonekana umezeeka kuliko umri wako."

"Rudi hapo pa kuzeeka," alisema Mama Mkasi, na kwa mara ya kwanza akajisikia. Neno "kuzeeka" lilikuwa limetoka "kutheeka", na nyuma yake ukafuata mluzi mdogo, kama birika linalokaribia kuchemka. Akafunika mdomo kwa mkono. Mkono ule haukushuka kwa wiki kadhaa.

Daktari akamweleza njia. Ya kwanza, meno ya kuvaa na kuvua, yaliyopachikwa kwenye kipande chembamba cha plastiki cha rangi ya ufizi, kinachonasa juu ya kaakaa.

"Hayo ni pindo la pini," alisema Mama Mkasi kupitia vidole. "Linapendetha ukithimama tu. Endelea."

"Ya pili ni daraja. Tunayachonga kidogo meno mazima ya pande zote mbili, tunayavika kofia, halafu ya bandia tunayashikisha katikati yao. Hilo halitoki."

"Kwa hiyo wathima wanachongwa kwa ajili ya marehemu."

Bega moja la daktari likatikisika. Hicho ndicho kilichokuwa kicheko chake.

"Ya tatu ni kupandikiza. Skrubu inaingia kwenye mfupa, mfupa unaikumbatia, ndipo jino linakaa juu yake. Utauma nalo kama lako. Ila linataka mfupa wa kutosha, miezi ya kusubiri, na mkoba ulioshiba."

"Kifungo kilichothonwa mpaka kwenye bitana," Mama Mkasi akasema, na akakitamani kifungo hicho kuliko kitu chochote. Lakini miezi hakuwa nayo. Harusi ya binti wa Pengo ilikuwa mlangoni, suti ya Pengo ilikuwa mezani kwake, na Pengo mwenyewe alikuwa anakaa hatua chache kutoka mezani hapo, na kiapo chake mkononi pamoja na nyundo. "Nipe ya pini. Upethi."

Daktari alikubali, kwa masharti. Asiyakatie uzi. Akiyavua ayaweke kwenye kikombe cha maji, si kwenye karatasi wala mfukoni. "Meno mengi yanapotelea mfukoni," alisema.

"Mfukoni? Mimi fundi, daktari. Mifuko naijua mimi."

Kazi ikabaki ya kuishi mpaka fizi zipoe na meno mapya yawe tayari. Hapo Mama Mkasi alikuja na akili ambayo fundi cherehani peke yake angeipata. Alijaza pini mdomoni. Asubuhi akifungua tu, pini sita saba zinapangwa kati ya midomo, vichwa nje kama masharubu ya paka, na mtu mwenye pini mdomoni haulizwi maswali. Akisalimiwa, anaguna. Akitaniwa, anainua nyusi. Wateja wanapimwa kwa ishara: geuka, nyoosha mkono, vuta tumbo. Mara moja alipiga chafya na nusura aende hospitali nyingine.

Baraza ilishtuka. Msitu aliacha kichwa cha mtu nusu kimenyolewa, akaja kuchungulia.

"Mama Mkasi, nimesema leo nimevaa shati la marehemu babu yangu, na hujasema neno. Unaumwa?"

Akaguna.

"Ameokoka huyu," Msitu akamwambia Pengo.

"Anashona koti langu," Pengo alijibu, akigonga msumari. "Ameona kifua nilichonacho, maneno yamemkauka."

Lo! Jibu la hilo lilimjaa Mama Mkasi mpaka masikioni. Alikuwa na majibu manne, kila moja tamu kuliko lingine, na yote yakagota kwenye pini. Usiku wa siku hiyo, kwa ushuhuda wa binti yake, aliongea ndotoni.

Meno yalipokuja, mambo yalitengemaa nusu. Kwa mbali yalikuwa meno. Kwa karibu yalikuwa mgeni asiyejua kukaa: yalimjaza mate, yaligonga "tak" akisema haraka, na yalimbana ufizi kufika saa sita. Na ile tabia ya uzi ilikuwa palepale. Kwa vile yale mapya hayaruhusiwi, akawa anawapa wenzake mgongo, anayavua, anakata uzi kwa chonge la pembeni, kisha anayarudisha. Kikombe cha maji alikiweka chini ya meza siku mbili za kwanza. Baadaye mkono ukayaweka popote ulipoona panafaa.

Na mkono wa fundi una akili yake. Ule wa Mama Mkasi ulikuwa na desturi ya tangu ujana: hakuna mfuko uliotoka mezani kwake bila kujaribiwa. Akimaliza kushona mfuko, anatumbukiza ndani kitu kilicho karibu, chaki, kibonge cha uzi, chochote, anatikisa koti aone kama mfuko unakaa au unavuta. Ndipo anatoa, ndipo anapiga pasi.

Siku moja kabla ya harusi alikuwa anamalizia koti la Pengo katika chumba chake kidogo nyuma ya baraza. Lilikuwa koti la buluu nzito, na hata yeye, mkosoaji wa kila kitu, alilisogeza mbali kidogo na macho ili alione vizuri. Akavua meno. Akakata uzi wa mwisho kwenye mfuko wa kushoto. Mkono ukajaribu mfuko. Na Pengo akasimama mlangoni.

"Hodi, shemeji! Nimekuja kuchukua ngozi yangu mpya."

Mama Mkasi akanyakua pini, akazipanga mdomoni, akageukia pasi. Akalikunja koti haraka haraka kama anayefukuzwa, akalitia kwenye mfuko wa plastiki, akamsukumia. Pengo akashukuru mara tatu, akasubiri atukanwe kidogo kwa kuagwa, hakutukanwa, akaondoka akitikisa kichwa.

Jioni, wakati wa chakula, Mama Mkasi alinyoosha mkono kuelekea kikombe. Maji yalikuwepo. Maji peke yake.

Walipekua meza, kapu la vipande, droo ya vifungo, tumbo la cherehani. Binti yake alipiga magoti na tochi. Ndipo Mama Mkasi akakaa kitini taratibu, akautazama mkono wake wa kulia kama unavyomtazama mtoto aliyevunja kitu kwa jirani.

"Nimejaribu mfuko," alisema.

"Mama! Mfuko gani?"

"Wa kuthoto. Wa Pengo."

Binti alichelewa kuelewa, halafu akaelewa, halafu akafanya kosa la kucheka. Akatumwa kwa Pengo kama adhabu, aseme koti linahitaji pasi moja zaidi. Akarudi mikono mitupu. Nyumba ilikuwa imejaa shangazi na mabinamu, na koti limefungiwa kabatini. Baba wa bibi harusi ametangaza kwamba halitoki mpaka kesho, na ufunguo umo shingoni mwake.

"Basi kesho usiende," binti alisema.

"Nithiende? Koti langu linaenda, mimi nibaki? Na akitia mkono mfukoni kutafuta letho mbele ya watu wote?" Aliona tukio zima: Pengo kasimama mbele ya ukumbi, ananyanyua leso, na meno yanaanguka mezani kwenye keki. Pengo anayatazama. Pengo anaelewa. Pengo, baada ya miaka yote ile, anafungua kinywa na kutoa jina. Jina la mtu likishatolewa harusini halirudi. Linarithiwa. Watoto wa bibi harusi watalikuta.

Ukumbi ulikuwa na viti vyeupe vya plastiki vilivyovishwa vitambaa, spika mbili kubwa, na Msitu, ambaye siku za harusi aliacha mashine ya kunyolea akashika kipaza sauti. Mama Mkasi aliingia na mtandio uliomzunguka kichwa, shingo na nusu ya uso, kama mtu anayekimbia baridi ambayo haikuwepo. Koti alilikuta mlangoni, limesimama, na Pengo yumo ndani yake anapokea wageni. Mungu amsamehe kwa kiburi, lakini lilikuwa limemkaa vizuri mno.

Alimsogelea, akaonyesha kidole upande wa kushoto, akafanya ishara ya mkasi. Binti akamtafsiria.

"Mama anasema kuna uzi unaning'inia hapo, baba. Anataka akukatie."

"Uzi?" Pengo akajitazama. "Wewe kweli fundi, jicho lako halilali. Basi kata, shemeji." Akatoa kifua mbele. "Kata kwa meno, kama kawaida yako. Mimi na wewe tangu lini tunahangaika na mikasi?"

Mama Mkasi akakohoa. Akakohoa kwa bidii sana, akakohoa akirudi nyuma, akakohoa mpaka kwenye safu ya kiti chake.

Hakukata tamaa. Walipoitwa majirani kupiga picha na baba wa bibi harusi, alijipenyeza akasimama kushotoni kwake kabisa. Mpiga picha alisema tabasamuni. Watu wakatabasamu, na vidole viwili vya Mama Mkasi vikashuka kama mjusi ukutani, vikaupata mfuko, vikanyanyua kifuniko chake, vikaingia.

Havikuingia. Mfuko ulikuwa umeshonwa.

Alipapasa tena, asiamini. Umeshonwa mdomo mzima, kwa uzi mnene, tena mishono mikubwa mikubwa, ya kwenda na kurudi, ya mtu anayefunga gunia la mkaa. Kwanza aliudhika kama fundi: nani aliyeharibu koti langu? Halafu akili ikamfikia. Mtu hashoni mfuko mtupu. Akanyanyua macho. Pengo alikuwa anatazama kamera, ametabasamu mpaka mwisho wa mashavu, dirisha wazi.

Wanajua. Tangu lini? Alimtafuta mke wa Pengo kwa macho na hakuhitaji kumtafuta mbali, kwa sababu mke wa Pengo, mwanamke mnene mpole ambaye hajawahi kumkosea mtu adabu, alikuwa anamjia na sahani. Juu ya sahani kulikuwa na tufaha moja, jekundu, zima, gumu kama rungu.

"Shoga yangu, nimekuwekea hili wewe tu. Ng'ata."

Mama Mkasi akatikisa kichwa.

"Umefunga?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Maskini. Basi nitakaa nalo hapa, nikusubiri ufungue." Akavuta kiti, akakaa, tufaha mapajani, mikono juu ya tufaha, mwenye subira zote za dunia.

Ndipo spika zikakwaruza na Msitu akapanda jukwaani.

"Jamani, tulieni! Baba wa bibi harusi yuko tayari kutoa neno. Lakini ameniomba, kabla hajasimama yeye, tumsikie fundi aliyemvisha. Sote tunaujua mdomo wake. Kuna asiyeumwa na mdomo huo humu ndani? Mama Mkasi, karibu mbele!"

Makofi yaliyopigwa yalikuwa ya watu wenye madeni ya muda mrefu. Huyu aliitwa Tembo, yule aliitwa Redio, kule nyuma alikaa mtu ambaye tangu siku alipovaa suruali iliyokomea juu ya vifundo, kama anayevuka maji, alikuwa anaitwa Mafuriko. Wote walipiga makofi. Binti akamshika mkono. "Mama, niseme una homa?"

Njia kutoka kitini mpaka jukwaani haikuwa ndefu, lakini ilimtosha kufanya hesabu zake. Akinyamaza, Pengo atasimama baada yake, atafumua mfuko mbele ya watu, na jina litafuata. Akiongea amefunika mdomo, mluzi utamsaliti kwenye neno la kwanza lenye "s", na jina litafuata. Alimpita Pengo aliyekaa kiti cha mbele, akamwona anacheka na mtu wa pembeni yake. Na hapo likamjia jambo ambalo, kwa miaka yote aliyokaa mkabala naye, hakuwahi kuliona: mtu huyu hajawahi kufunika mdomo. Ametaniwa kila siku ya kazi, akacheka na dirisha wazi. Yeye ametimiza wiki chache tu, na tayari shingo imemuuma kwa kuinama.

Akashika kipaza sauti. Akauvuta mtandio, ukashuka mabegani. Akawatazama wote, kutoka kona hii mpaka kona ile, akafungua midomo na kuwaonyesha kila kitu kilichokuwepo na kisichokuwepo.

Ukumbi ukakata pumzi.

"Mabibi na mabwana," alisema, na kipaza sauti kikaupokea mluzi wake kikaupeleka mpaka jikoni, "thitachelewetha therehe. Nina malalamiko tu. Nimeibiwa. Mwithi wangu amekaa hapo mbele, amevaa koti nililomthonea kwa mikono yangu hii. Meno yangu yamo kwenye mfuko wake wa kuthoto. Na mfuko wameuthona!" Akasubiri. Alijua kusubiri. "Meno nimethamehe. Lakini mithono ile, jamani! Aliyethona vile athamehewe na nani?"

Kwanza ilikuwa kelele moja tu, ya Mafuriko. Halafu ukumbi ukapasuka. Watu walishikana. Bibi harusi alifuta wanja, akachafua shela. Msitu alijikunja jukwaani, upara wake ukageuka rangi, na Mama Mkasi alisimama katikati ya kelele hizo akiwa na pengo lake lote nje, na akajisikia kama mtu aliyevua viatu vinavyobana.

Mke wa Pengo alikuwa amesimama na tufaha lake. Alikiomba kipaza sauti kwa adabu.

"Wanawake wenzangu," alisema kwa sauti yake ndogo, "mishono ni yangu, naomba radhi kwa fundi. Lakini nisikilizeni. Wenzangu mnakuta kwenye mifuko ya waume zenu harufu ya marashi. Mnakuta unywele. Mimi leo asubuhi namvisha mume wangu aende kumwoza mtoto wetu, natia mkono mfukoni, nakuta meno ya mwanamke!"

Hapo hata wapishi walitoka nje kusikiliza.

"Nikamwuliza, baba fulani, haya ya nani? Ananiambia hajui. Hajui! Nusura niifute harusi. Kilichomwokoa ni chaki. Nimeyageuza, nikaona chaki ya buluu kwenye plastiki, na kipande cha uzi. Nikasema, hapana. Hawara wa mume wangu hawezi kuwa na chaki."

Pengo sasa alisimama. Alitoa mfukoni mwa suruali kisu chake cha ngozi, akafumua mishono ya mke wake taratibu, akachomoa leso, akaikunjua juu ya kiganja, meno yakatokea. Akamwonyesha kila mtu, kama mchawi wa sarakasi, kisha akamkabidhi mwenyewe. Kelele zikashuka. Watu walijua kinachofuata. Walikuwa wamekisubiri muda mrefu kuliko keki.

"Shemeji, niliapa," Pengo alisema.

"Uliapa. Litoe."

"Jina ninalo. Nimelitunga zamani, nimelisugua, linang'aa. Nikilisema hapa, hakuna atakayekumbuka kuitwa kwako Mama Mkasi." Akakohoa. Ukumbi mzima uliinamia mbele. "Lakini leo ni siku ya mwanangu. Sitaki watu waende nyumbani na jina lako midomoni badala ya la mkwe wangu. Nitalitoa siku nyingine."

"Hapana! Litoe tha hithi!"

"Niliapa kulitoa watu wakiwepo," Pengo alisema akikaa, akinyoosha koti lake. "Siku sikusema."

Mama Mkasi alikwenda nyumbani na meno kinywani na mwiba moyoni. Jina lililosemwa mtu analizoea. Ambalo halijasemwa linakaa nawe mezani. Kuanzia Jumatatu, baraza ikawa uwanja wa mateso. Akisimama mteja mmoja, Pengo kimya. Wakifika wanne, Pengo anaweka nyundo chini, anakohoa, anawatazama watu kama anayewahesabu, na Mama Mkasi anajichoma sindano. Kisha Pengo anasema, "Hivi leo kutanyesha?" Anaichukua nyundo tena.

Aliuliza kwa Msitu, Msitu akaapa hajui. Alimhonga mke wa Pengo kwa gauni, gauni likapokelewa, jina halikutoka. Utani wake haukufa, lakini kila alipoanza, "Shemeji, funga dirisha," alijikuta anapunguza makali na kuangalia kama kuna watu.

Alirudi kwa daktari, safari hii kuulizia ile njia ya kifungo cha kwenye bitana. Meno ya pini yalimshinda. Pengo alikwenda naye, si kwa hiari. Mke wake alikuwa amesema kwamba mfuko wa mume wake umeshabeba meno ya mtu, sasa zamu ya kinywa chake, na asirudi nyumbani bila kukalia kile kiti.

Daktari alimpima Mama Mkasi akasema mfupa bado upo, amewahi, na skrubu itashika kama atakuwa na subira. Alimpima Pengo akaisogeza taa karibu zaidi. Mfupa wake wa mbele ulikuwa umepungua sana kwa miaka yote ile, na meno mawili ya pembeni yalikuwa yameinamia uwazi kama watu wanaochungulia kisima. Kupandikiza kungewezekana baada ya kujenga mfupa kwanza, kazi ndefu. Meno ya kuvaa na kuvua yangemtosha, yangemnyanyua mdomo, na embe angelila kama binadamu.

"Na jina langu?" Pengo akauliza. "Nikishaziba, jina nalipeleka wapi?"

"Nitakushonea mfuko wake," alisema Mama Mkasi.

Bega la daktari likatikisika. Akawaambia wakasubiri nje kwenye benchi, wataitwa.

Benchi lilikuwa limejaa. Bibi mmoja alikuwa ameshika shavu, baba mmoja na mtoto wake, vijana wawili, na mwanamke aliyekuwa anafuma sweta. Mhudumu wa mapokezi alitokeza kichwa dirishani, kalamu mkononi.

"Mama, wewe mwenye kilemba. Unaitwa nani?"

Mama Mkasi akafungua mdomo kujibu. Pembeni yake, Pengo akakohoa. Akawatazama waliokaa kwenye benchi mmoja mmoja, kuanzia kwa bibi mwenye shavu mpaka kwa mwanamke mwenye sweta, akavuta pumzi ndefu ya mtu mwenye jambo zuri la kusema.

"Watu wapo," akasema.

Na Mama Mkasi, aliyekuwa ameuficha mdomo wake kwa wiki zote zile, akaruka akauziba wa Pengo kwa mikono yote miwili.